Njoo na Mlango

Redio Amancaya haijawahi kumwambia mtu kwamba amefiwa.

Kwetu Kantupata, na katika vijiji vyote vya juu vinavyotusikia, msiba hausemwi hewani. Unapigwa. Don Nicanor Arancibia, mtangazaji wetu tangu kabla sijazaliwa, ana santuri tatu za kutangulizia matangazo ya watu. Ya kwanza ni ya charango, kigitaa cha milimani, nyuzi zake nyepesi kama kwato za mbuzi anayeteremka mlima. Hiyo ni ya wanaosafiri na wanaorudi. Ya pili ni ya gitaa, ya taratibu, ya wagonjwa na shida za kawaida. Ya tatu ni ya bendi ya matarumbeta ya hapa hapa mjini, ikitembea nyuma ya jeneza. Ikianza hiyo, wanawake sokoni huvua kofia. Na kule juu, kila anayesikia jina la jirani yake likitajwa baada yake huacha alichoshika, akaenda kwa jirani huyo, ili tangazo linapoisha mtu asijikute peke yake na redio.

Don Nicanor mwenyewe husema tu, "Anakungoja. Njoo na watu." Basi.

Matangazo mengine ni ya furaha, au ya kawaida tu. Kule juu simu hazishiki, kwa hiyo mtu akitaka kupokelewa anakuja kwetu. "Don Fulano wa Wayllapata, mkeo atashuka kwenye lori Alhamisi. Mngoje njia panda. Njoo na punda wawili." Tangazo la kwetu lazima limalizike hivyo, kwa kitu cha kuja nacho. Punda, kamba, mwavuli, mtoto. Bila hivyo watu hudhani redio imekatika.

Nilirudi Kantupata nikiwa na shahada yangu ya utangazaji na mipango mingi, na mipango mingi bado ninayo. Lakini siku ya kwanza Don Nicanor alinikuta studio nimevaa fulana, akanitazama kwa huzuni kama mtu aliyemkuta mgeni wake amelala sakafuni. Yeye huvaa tai na kofia kabla ya kusimama mbele ya kipaza sauti, na huinama kidogo kabla ya kusema.

"Lakini hatuonekani, Don Nicanor."

"Tunaingia nyumbani kwa watu wakiwa bado kitandani, Bi Nélida. Angalau sisi tuwe tumevaa."

Tangu siku hiyo navaa blauzi.

Katika mwezi wa mvua, Doña Casimira Colque aliteleza sokoni akiwa amebeba sufuria lake la api, ule uji wa mahindi ya zambarau anaouza kila asubuhi, akavunjika nyonga. Nilikwenda zahanati kuchukua tangazo lake. Nilimkuta amelala chali, amekunja uso, kofia yake imewekwa juu ya tumbo.

"Umekuja na karatasi?"

"Nimekuja na masikio, mama."

"Afadhali. Karatasi inalowa." Akashusha pumzi. "Mwambie mwanangu Serapio nimeanguka. Wanataka kunipeleka hospitali ya mkoa wanipasue. Mwambie siendi mpaka nimwone. Usitie sukari."

Nesi Zenobia alikuwa anakunja mashuka. "Kichwa cha mama huyu kingekuwa ndiyo nyonga, kisingevunjika. Daktari amesema kila siku inayopita ni ya hasara. Akichelewa sana hatatembea tena."

"Nikienda kule nisirudi, je? Nesi, wewe unajua wangapi wameondoka hapa wamelala wakarudi wamesimama?"

Nesi alichukua shuka jingine.

"Serapio aje na nini?" niliuliza, maana tangazo lilikuwa halijakamilika.

Doña Casimira alifikiri. "Aje na miguu yake."

Kisa chao mji mzima unakijua. Mumewe alipofariki, Doña Casimira alikaa mjane muda mrefu, kisha akaolewa na Prudencio, mpiga tarumbeta wa bendi. Siku ya Watakatifu Wote alipanda Wayllapata na mume mpya, amebeba mikate ya kuweka juu ya kaburi la mume wa kwanza. Serapio alisimama mlangoni, akamtazama mama, akamtazama Prudencio, akafunga mlango.

"Nilisikia komeo," Doña Casimira aliniambia. "Mpaka leo nikilala nalisikia."

Prudencio naye amekwisha kufa. Lakini Serapio aliwahi kusema mbele ya mkutano wa kijiji, "Nitashuka siku ya kumzika," na maneno ya namna hiyo hayakosi mbebaji. Yalishuka mpaka sokoni kabla viazi vya wiki ile havijashuka.

Don Nicanor alitoa tangazo kwa santuri ya gitaa. Serapio hakuja. Akalitoa tena. Mvua ikazidi, mlima ukaporomoka juu ya barabara pale korongoni, na gari la wagonjwa la mkoa likawa haliwezi kupita tena. Sasa hata Doña Casimira angekubali kwenda, angepaswa kubebwa na watu mpaka ng'ambo ya maporomoko, na wanaume wetu wengi msimu huu wako migodini. Nesi Zenobia aliacha kumgombeza. Hilo lilinitisha kuliko magomvi yenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni nikinunua mkate. Redio ya muuza mkate ilikuwa imewashwa, ya muuza jibini pia, na ya fundi viatu, kama kawaida, sauti ile ile ikitoka kila upande. Mara matarumbeta yakaanza.

Wanawake wakavua kofia. Muuza mkate akabaki na mkono hewani.

"Nani? Nani jamani?"

Sauti ya Don Nicanor ikaja, tulivu, na heshima yake yote. "Serapio Colque wa Wayllapata. Mama yako, Doña Casimira, bado yuko zahanati na bado anakungoja. Njoo na miguu yako."

"Ole wangu!" Doña Eufronia, jirani wa kibanda wa Doña Casimira, aliketi juu ya gunia. "Jana nimempelekea supu! Alisema haina chumvi!"

Nilikimbia na mkate kifuani.

Studio paa lilikuwa linavuja juu ya rafu ya santuri. Don Nicanor alikuwa ameziokoa zote, amezipanga ndani ya kasha la sabuni. Karatasi za majina zilikwisha banduka siku nyingi. Yeye huzijua kwa mahali zinapokaa rafuni. Alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, tai imenyooka, na santuri bado inazunguka, matarumbeta yakitikisa kioo cha dirisha.

"Mkate ni wa moto?" aliuliza.

"Don Nicanor! Umepiga ya bendi!"

"Nimepiga ya gitaa."

"Sikiliza!"

Aliiangalia santuri. Akainama. Akainama zaidi, mpaka shavu likakaribia kugusa sindano, na pale tu, uso wake ukiwa karibu kabisa, ukabadilika. Nikaelewa kwa nini miezi ile yote alikuwa akinitazama midomo nikizungumza. Nilidhani ni adabu.

Alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Nilikuwa naisikia kichwani," alisema. "Naisikia ya gitaa vizuri kabisa."

Simu ikalia. Alikuwa Nesi Zenobia. "Nélida, marehemu anataka kuongea nanyi."

Kisha sauti ya Doña Casimira, kali, imejaa uhai: "Nimevua kofia yangu mwenyewe! Nimejiombea sala nusu nzima ndipo nikasikia jina!"

"Mama, samahani sana, tunarekebisha sasa hivi."

"Thubutu!" Kisha sauti ikashuka. "Msirekebishe. Nakuomba, binti. Alisema atashuka kunizika. Mwache ashuke anizike. Mimi nitamngoja nimekaa."

Nililazimika kumkariria Don Nicanor maneno hayo kwa sauti kubwa, moja moja. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Mwambie redio hii haijasema uongo."

"Nimemsikia!" Doña Casimira alipiga kelele kwenye simu. "Mwambie yeye hajasema kitu! Santuri ndiyo iliyosema!"

Nilimwambia.

"Santuri ni mimi," Don Nicanor alisema. Akavaa kofia, akanionyesha kwa kidole kitufe cha kipaza sauti.

Nusu ya moyo wangu ilitaka umeme ukatike. Nilikuwa bado sijamwona Serapio, lakini nilikuwa nimemwona mama yake akilala chali na kofia juu ya tumbo. Nusu nyingine ilimtazama mzee yule akiinama kidogo mbele ya watu asiowaona. Nikabonyeza.

"Wasikilizaji watukufu," alisema. "Nimepiga santuri isiyostahili. Kosa ni langu. Doña Casimira Colque yu hai. Amekula, na amenigombeza kwa simu. Serapio Colque, mama yako yu hai na anakungoja. Narudia, yu hai. Nisameheni."

Sokoni walishangilia. Lakini Wayllapata, kama walivyotusimulia wenyewe baadaye, watu walikuwa wamekwisha kusanyika uani kwa Serapio. Walisikia kila neno. Wakatazamana. Katika maisha yao hawakuwahi kumsikia Don Nicanor akisema mengi hivyo, wala kubishana na santuri yake, wala kuomba msamaha.

"Maskini Don Nicanor," bibi mmoja mkongwe alisema. "Anajaribu kumficha mtoto. Lazima kifo kilikuwa kibaya sana."

Wakaanza kuchemsha mahindi ya msibani.

Walifika kesho yake, kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa zahanati pamoja na Don Nicanor, aliyekwenda kumwomba Doña Casimira radhi ana kwa ana, amevaa tai. Tulisikia kwanza miguu, mingi, katika matope. Kisha tukawaona wakiingia uani, poncho, joho zao nyeusi za sufu, zimelowa, wanawake na mafurushi ya mahindi na majani ya koka ya kutafuna, wanaume wawili mwishoni wamebeba mgongoni kitu kipana cha mbao. Mbele yao alitembea mwanamume mrefu, macho mekundu.

"Yuko wapi?"

"Ndani," nilisema. "Lakini kaka Serapio, subiri kidogo, nisikilize..."

Alikwisha kuingia, kofia mkononi. Wengine wakamfuata, wote walioweza kuenea chumbani.

Doña Casimira alikuwa ameegemea mito, bakuli la supu mikononi. Kijiko kilisimama njiani.

"Umekonda," alisema.

Serapio alimtazama, akalitazama bakuli, akamtazama tena.

"Wamesema umekufa."

"Wakasema na kwamba sijafa. Hukusikia?"

"Nilisikia. Nani angeamini?"

"Mama Casimira!" Yule bibi mkongwe alipenya kwa viwiko mpaka mbele. "Tumelia njia nzima! Nimelia kule mlimani, nimelia mtoni! Sasa machozi yale tuyapeleke wapi?"

"Niwekee, Doña Bernabela. Yatahitajika."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega, mmoja akaangukia kitanda cha jirani. Serapio peke yake hakucheka.

"Mmenitega," alisema. "Wewe na redio yako. Umenifanya nilie mbele ya kijiji."

Kicheko kikafa. Don Nicanor, aliyekuwa akimtazama midomo, akapiga hatua mbele.

"Kijana, mama yako hakukutega. Mimi ni kiziwi."

Alilisema wazi, kwa sauti yake ya redioni, mbele ya watu wa juu na watu wa mjini. Nesi Zenobia aliinamisha kichwa. Sijui kama kuna tangazo lililomgharimu zaidi katika maisha yake. Lakini Serapio alikuwa amekwisha geuka, anapita katikati ya watu wake kuelekea nje, na watu walimpisha. Nilifikiri, basi, imeisha. Amekuja na miguu yake, na anaondoka nayo.

"Serapio."

Doña Casimira hakupaza sauti. Alikuwa anatazama dirishani, uani, ambako wale wawili walikuwa wameegemeza mzigo wao ukutani, mvua ikiteremka juu yake.

"Ule ni mlango wa baba yako?"

Serapio alisimama kizingitini.

"Kule juu hakuna mti," alisema, mgongo bado umetugeukia.

"Najua hakuna mti. Mlango huo mimi na baba yako tuliubeba kutoka bondeni, wewe ukiwa tumboni. Nauliza, umeung'oa?"

"Nilitaka fundi akutengenezee jeneza. La mbao nzuri."

"Na nyumba yako?"

"Nimetundika blanketi."

"Mvua yote hii?"

"Mvua yote hii."

Mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Blanketi gani? Ile ya kijivu?"

"Ile ya kijivu."

"Ile inapitisha upepo, mwanangu."

Serapio aligeuka. Alirudi polepole, akaketi mwisho wa kitanda, mbali na nyonga, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Lile tarumbeta la kwanza," alisema. "Kwenye santuri. Ni yeye?"

"Ni Prudencio. Walirekodi kabla hajaugua."

"Nilimjua mara moja." Akaizungusha kofia tena. "Anapiga vizuri."

"Alipiga vizuri."

"Nilisikia alipokufa. Hapo hapo redioni."

"Hukuja."

"Sikuja."

Doña Casimira alimpa bakuli. Aliipokea supu, akainywa yote, kijiko mkononi bila kukitumia, kama watoto wanavyofanya. Doña Bernabela alianza kulia upya, safari hii bila kuombwa.

"Mmemaliza?" Nesi Zenobia alijipangusa pua kwa mkono wa koti lake jeupe. "Maana gari la wagonjwa liko ng'ambo ya korongo, dereva amekubali kungoja mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu barabara ifungwe nina wanaume hapa. Mama, umemwona mwanao. Unakwenda au huendi?"

Doña Casimira alimtazama Serapio.

"Atakwenda," Serapio alisema. "Nitakaa naye huko."

"Tatizo ni machela. Yetu ni ya turubai, inabonyea katikati, na nyonga haitaki kubonyezwa." Nesi alikuwa anatazama dirishani. Sote tukatazama alikotazama. "Mlango ule unaweza kubeba mtu?"

"Ulikuja kubeba maiti," mmoja wa wale wawili alisema.

"Huyu anakula kuliko maiti."

Walitandika poncho nyeusi juu ya mlango, moja juu ya nyingine, mpaka ukawa laini. Walimlaza Doña Casimira, kofia yake kichwani. Serapio alishika kona ya mbele, upande wa bawaba. Walipotoka barabarani, wanawake wa sokoni waliwaona wakija, watu weusi wamebeba mtu juu ya mbao, wakavua kofia wote kwa pamoja. Doña Casimira aliinua mkono akawapungia. Muuza jibini alipiga ukelele mpaka mbwa wakakimbia.

"Chumvi!" Doña Casimira alisikika akimwambia Doña Eufronia alipopita. "Weka chumvi!"

Mimi na Don Nicanor tulipanda studio. Alisimama mbele ya kasha la sabuni, mikono nyuma.

"Chagua wewe, Bi Nélida," alisema. "Kuanzia leo chagua wewe. Mimi nitasema."

Nilizijaribu mpaka nikaipata ya charango. Don Nicanor hakuisikia. Alinitazama mkono; nilipouinua muziki ulipokwisha, aliinama kidogo, akawatangazia watu wote wa korongoni kwamba mama mmoja anapita na jamaa zake, wamsaidie pale penye mawe.

Tangu hapo tunafanya kazi hivyo, yeye na sauti yake, mimi na mkono wangu. Paa tumeliziba. Mlango ulirudi Wayllapata mgongoni mwa wale wale walioushusha, na mahindi ya msibani yakaliwa njiani.

Mvua zilipokatika na barabara ikafunguliwa, ilikuja simu kutoka hospitali ya mkoa. Serapio alikuwa ametangulia kurudi kuvuna viazi. Niliandika maneno ya Doña Casimira kama alivyoyasema, bila sukari, nikampa Don Nicanor, na nikaweka charango. Aliyasoma moyoni kwanza. Akanyoosha tai. Nikainua mkono.

"Serapio Colque wa Wayllapata," alisema. "Mama yako anarudi Jumamosi kwa lori. Anatembea, lakini mlima bado hauwezi. Mngoje njia panda. Njoo na mlango."